Picha Yake Iko Kila Mahali, Mahakamani Alikwenda Peke Yake

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Kisauni, Mombasa. Kazi yangu ni ya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi. Pamoja na kazi hiyo, niko katika kikundi cha vijana kinachopinga ukatili dhidi ya wanawake. Kikundi hiki kilianzishwa na sahibu yangu. Tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza, na mama yangu alipokuwa Saudia akitafuta riziki, mamake ndiye aliyenilea, nikala na kulala kwao. Nakueleza haya ili ujue kwamba huyu si mtu ninayeweza kumwacha hivi hivi.

Tulianza kwa moto kweli kweli. Januari 27, 2024, wanawake walipoandamana miji mingi ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, sisi nasi tuliandamana hapa Mombasa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilihisi kwamba hatimaye nimepata jambo la kufanya na maisha yangu.

Kikundi kimekua tangu wakati huo. Tuna wafuasi wengi mitandaoni, tuna fulana, tunaalikwa makongamano ya hotelini. Ikifika Novemba 25 tunavaa rangi ya chungwa na kuposti kila siku mpaka Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia ziishe Desemba 10.

Mwaka jana jirani yangu wa nyumba ya nyuma alipigwa na mumewe hadi akavunjika mkono. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali kuu ya Pwani usiku ule, kisha tukaenda polisi kuandikisha. Nikawaarifu wenzangu. Kesho yake wakaja kundi zima, wamebeba unga, mafuta ya kupikia, sodo, na kamera. Wakamketisha katikati yao, mkono ukiwa kwenye plasta, wakapiga picha wakitabasamu kidogo na kukunja ngumi kidogo. Shangazi, hakuna aliyemuuliza kama anataka kupigwa picha. Alikuwa bado ana usingizi wa dawa.

Jioni picha ikawa mitandaoni, jina lake la kwanza likiwa chini yake pamoja na nambari ya M-Pesa ya kumchangia. Ilisambaa sana. Watu wa kwao Kilifi wakaiona. Mashemeji wakapata la kusema, kwamba ameivua nguo familia. Mtoto wake wa darasa la sita akachekwa shuleni. Kuhusu michango, mpaka leo sijaona hesabu yake, na yeye aliniambia alipewa pesa kidogo mara moja tu.

Kesi ilipoanza niliomba kwenye grupu letu la WhatsApp mtu wa kumsindikiza, kwa sababu mimi kazini nilinyimwa ruhusa. Nikajibiwa kwa mioyo na ngumi chungu nzima. Siku yenyewe hakutokea mtu. Alikwenda peke yake, akamkuta mumewe amekuja na kaka zake, shangazi zake na mzee wa mtaa, wamejaza benchi. Kesi ikaahirishwa. Sasa wazee wanakuja nyumbani kwake kila mara kumtaka akubali suluhu ya familia, naye ameanza kusema afadhali aiondoe tu apumzike.

Nilimfuata sahibu yangu nikamweleza yote. Alinijibu: “Kazi yetu ni kuhamasisha. Hatuwezi kumbeba kila mtu mgongoni.” Akaniambia picha ile ndiyo iliyotuletea mfadhili. Kisha akaniuliza kama ni wivu unaonisumbua, maana yeye ndiye aliyependekezwa kupewa tuzo ya vijana mwaka huu.

Jumbe zote ninazo. Baadhi ya wenzangu wananishauri niwaanike mitandaoni, watu wajue. Upande mwingine nafikiri niachane na mambo haya kabisa nirudi kwenye hesabu zangu, kwa sababu naanza kuamini kwamba harakati zote ni maonyesho, na maandamano yale niliyoyalilia yalikuwa maonyesho pia. Nifanye nini?

Aliyevunjika Moyo,
Kisauni

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza kuhusu sahibu yako, kuhusu kikundi na kuhusu moyo wako. Nitafika huko. Lakini katika barua yako aliye na haraka ni jirani yako, kwa hiyo nitaanza naye.

Nenda kwake leo, bila unga na bila simu mkononi, umuulize swali ambalo hakuna aliyemuuliza: anataka nini kuhusu picha ile? Huenda akasema iondolewe. Huenda akasema ibaki, watu wamjue aliyemvunja mkono. Uamuzi ni wake, na hata wewe unayemhurumia usimfanyie. Akisema iondolewe, mwandikie sahibu yako ujumbe mfupi, jina la jirani yako likitajwa kama mwenye ombi, na umpe muda wa kujibu unaohesabika kwa saa. Kama atahitaji kukumbushwa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mtu kabla taarifa zake hazijatumika namna hii, na picha ya uso ni taarifa yake. Hili si jambo la makaratasi tu. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Isitoshe, tangu 2014 Kenya ina sheria ya kuwalinda waathiriwa wa uhalifu, na faragha ni miongoni mwa haki zilizomo. Mtu haipotezi haki hiyo kwa kuwa ameletewa pakiti ya unga.

Sasa kesi. Yeye mwenyewe aelewe, kwa lugha nyepesi, kwamba kesi ya kupigwa ni ya jinai, na anayeshtaki ni Jamhuri. Yeye ni mlalamishi na shahidi. Kwa hiyo wazee wanapomwambia “iondoe”, wanamwambia afanye jambo ambalo si lake peke yake, maana mwendesha mashtaka na mahakama wana neno lao. Wanawake wengi hawajaambiwa hivyo, wakabeba mzigo wa kudhani kwamba mume akifungwa ni wao waliomfunga. Mwambie aende kwa mwendesha mashtaka kabla ya tarehe ijayo, asingoje siku yenyewe, amweleze kwamba anashinikizwa nyumbani. Kama anaogopa kupigwa tena, kuna sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na chini yake anaweza kuomba mahakama impe amri ya ulinzi inayomzuia mume kumkaribia au kumtisha. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa na wanawasaidia wanawake wasio na uwezo bila malipo. Nambari 1195, ya msaada kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, hupigwa bure. Nambari yake ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, na nakala ya fomu ya P3, ile ya daktari kuhusu majeraha, zihifadhiwe mahali ambapo mume hazifikii, kwako kwa mfano.

Kuna jambo moja ambalo huenda hukulifikiria. Wewe ndiye uliyempeleka hospitali na polisi usiku ule, basi unaweza kuitwa kutoa ushahidi. Muulize mwendesha mashtaka mapema. Ukiitwa, utapata hati ya wito ya kumwonyesha mwajiri wako, na kukunyima ruhusa hakutakuwa rahisi tena. Lakini shahidi huwa anangoja nje mpaka zamu yake ifike, ili asisikie ya wenzake. Kwa hiyo hata ukiwa pale mahakamani, hutaweza kukaa ndani karibu naye anapohojiwa. Anahitaji watu wengine wa kukaa kwenye benchi lile.

Benchi hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mume amekuja na kaka, na shangazi, na mzee wa mtaa. Hawakuja kusikiliza kesi. Wamekuja ili mwanamke yule aingie chumbani na kuona kwamba ulimwengu wote uko upande ule. Ndivyo kesi nyingi za majumbani zinavyokufa katika nchi hii: kuahirishwa, nauli, siku nyingine ya kibarua iliyopotea, mtoto wa kuachiwa mtu, macho ya mashemeji, mpaka mlalamishi anachoka, haji, na faili linafungwa kwa kukosa shahidi. Mombasa mna hata mahakama maalumu ya kesi za ukatili wa kijinsia pale Shanzu, iliyozinduliwa Machi 2022, na ni jambo jema. Hata hivyo hakuna hakimu anayeweza kumtolea jirani yako nauli ya kutoka Kisauni, wala kumshikia mtoto.

Na akiamua, baada ya kuelezwa yote haya, kwamba hataki kuendelea? Msikilize. Chunguza kwanza kama kinachosema ni hofu, au kodi ya nyumba isiyolipwa, kwa sababu hayo mnaweza kumsaidia. Ikiwa ni uamuzi wake kweli, basi ubaki kuwa jirani yake vile vile. Wanaharakati wengi, hata wale wa dhati, hukasirika mwathiriwa anapokataa kuwa shujaa waliyemtaka. Asitupwe kwa sababu hiyo.

Nije kwenye swali lako zito, kama yote haya ni maonyesho.

Si kweli, mwanangu, na sitaki uondoke na imani hiyo. Mwaka 2013, kule Busia, msichana wa miaka 16 alibakwa na kundi la wanaume na kutupwa ndani ya shimo la choo. Watatu kati yao walipokamatwa, adhabu waliyopewa na polisi ilikuwa kufyeka nyasi za kituo, kisha wakaachiliwa. Gazeti likaandika. Watu wakapiga kelele, ndani na nje ya nchi, na ombi la mtandaoni likapata saini zaidi ya milioni moja. Oktoba mwaka huo waandamanaji wakalipeleka mpaka makao makuu ya polisi Nairobi. Bila kelele hizo, mambo yangeishia kwenye nyasi. Lakini tazama kilichofuata, maana hapo ndipo penye somo lako. Mashirika ya wanawake hayakukunja mabango. Msichana alihitaji matibabu, akatafutiwa. Alihitaji wakili wa kumfuatilia, akapata. Kesi ikafunguliwa upya, ikasukumwa, na Aprili 2015 mahakama ya Busia ikawafunga wanaume watatu miaka 15 kila mmoja.

Na zaidi ya watu milioni moja waliotia saini walimjua msichana yule kwa jina gani? Liz. Jina la kubuni. Uso wake haukuwa kwenye mabango. Kampeni ikazunguka dunia nzima na msichana mwenyewe akalindwa. Mtu akikwambia kwamba bila picha ya uso wa mwathiriwa watu hawataguswa, mtajie Busia.

Jambo lile lile laweza kufanywa na watu wawili kwa namna mbili. Aprili 2014 wasichana 276 walitekwa katika shule ya Chibok, Nigeria. Mwezi uliofuata watu mashuhuri wa kila nchi walishika karatasi yenye maneno ya kutaka warudishwe, wakapigwa picha. Wengi wao waliishia hapo. Maneno hayo hayo yalikuwa mdomoni mwa kundi lililokuwa likikutana mjini Abuja, pale kwenye chemchemi ya Unity. Hao waliendelea kukaa pale mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, kamera zikiwa zimeshaondoka, polisi wakiwafukuza, wakisoma majina ya wasichana na kuiuliza serikali maswali yale yale. Wasichana 82 waliachiliwa Mei 2017, miaka mitatu baada ya zile picha. Wapo ambao hawajarudi mpaka leo, na wapo wazazi ambao bado wanahitaji mtu wa kuyakumbuka majina hayo.

Huna haja ya kwenda Nigeria pia. Hapo hapo Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na moshi wake na maji yake machafu yaliwalisha watu sumu ya madini ya risasi (lead). Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi mwilini. Akaacha kazi akaanza kuzunguka mtaani, nyumba kwa nyumba, akiwataka majirani wapimwe damu, akiandika barua kwa maofisa, akirudishwa, akirudi. Mwaka 2012 alikamatwa katika maandamano akashtakiwa, na baadaye mahakama ikamwachilia. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na picha zake zikaenea duniani. Mtu mwingine angeona hapo ndipo mwisho wa safari. Yeye na wakazi wakafungua kesi mwaka uliofuata. Wakashinda 2020, wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023. Wakaenda Mahakama ya Juu, na Desemba 2024 ikairudisha. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita kati ya tuzo na hukumu hiyo. Katika miaka hiyo walikuwepo watu wa mtaa ule waliozikwa na sumu mwilini, na hakukuwa na kamera nyingi.

Nimekutajia mwanamke huyo kwa sababu sahibu yako anakaribia kupewa tuzo. Tuzo si dhambi, na Omido alipokea ya kwake. Mwangalie mtu anafanya nini asubuhi baada ya kuipokea.

Kwa hiyo maandamano yako ya Januari 2024 usiyatukane. Yaliwafanya Wakenya waseme waziwazi kuhusu mauaji yaliyokuwa yakiitwa “mambo ya wapenzi”. Miezi mitano baadaye, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, tuliona tena mitandao ikifanya kazi ya maana: vijana wakaufafanua mswada kwa lugha za nyumbani ili nyanya zao waelewe mkate utatozwa kodi gani, madaktari wakajitolea mitaani, mawakili wakaenda vituoni kutafuta waliokamatwa, michango ikalipa bili za hospitali na mazishi. Simu ilikuwa ile ile ambayo wengine waliitumia kujipiga picha mbele ya moshi wa vitoa machozi. Usiichukie simu.

Basi sahibu yako yuko wapi katika haya? Nitamtendea haki kwanza. Aliposema hamwezi kumbeba kila mtu, alisema kweli. Kikundi cha vijana wenye kazi zao hakiwezi kuwa hospitali, kituo cha polisi na wakili kwa kila mwanamke wa Kisauni. Kuhamasisha ni kazi halali, na kikundi kinaweza kuchagua kazi hiyo tu kikasema wazi: sisi tunatoa elimu, ukipigwa piga 1195, au nenda mahali fulani. Hilo ningeliheshimu.

Lakini hawakufanya hivyo. Waliingia nyumbani kwa mwanamke aliyevunjwa mkono, wakachukua uso wake, wakachukua jina lake, wakaomba pesa kwa jina hilo, na kwa uso huo wakapata mfadhili. Kila walichokihitaji kutoka kwake walikipata. Siku yeye alipohitaji mtu mmoja wa kukaa naye kwenye benchi, akaambiwa kazi yao ni kuhamasisha. Ukishatumia shida ya mtu kujijenga, una deni kwake, na deni hilo hulilipi kwa hotuba ya Desemba 10. Hilo limeniuma, mwanangu, na sitalisema kwa upole.

Sitaki lawama yote iwe juu ya kichwa cha binti mmoja. Wafadhili nao wana sehemu yao. Wapo wanaotaka ripoti yenye picha, idadi ya “waliofikiwa”, bango lionekane vizuri, na hawaulizi kamwe mwanamke aliye katikati ya picha yuko wapi miezi sita baadaye. Kijana anayetaka kikundi chake kisife hujifunza haraka kinacholipiwa. Nauli ya kwenda Shanzu hailipiwi kwa sababu haipigiki picha vizuri. Sahibu yako huenda hakuamka siku moja akaamua kuwa mnafiki. Huenda alifundishwa hatua kwa hatua, na wewe ukiwa kando yake unaweza kuwa mtu wa kwanza kumwambia.

Kuhusu wivu, jiulize mara moja, kwa ukweli, peke yako. Ukikuta upo kidogo, si ajabu, ni sahibu yako na mmekua mkishindana. Lakini hata mwenye wivu anaweza kuwa anasema kweli kuhusu pesa na picha. Usikubali swali hilo likufunge mdomo.

Kuwaanika mitandaoni: sikushauri, angalau kwa sasa. Ukizimwaga jumbe zile, picha ya jirani yako itasambaa upya, safari hii ikiwa ndani ya ugomvi. Mashemeji watapata la kufurahia. Wakili wa mume anaweza kutumia kila neno mtakalorushiana. Wafuasi watagawanyika, watatukanana siku chache, kisha watahamia jambo jingine, na tarehe ya kesi itafika hali mwanamke bado yuko peke yake. Kumwanika sahibu yako namna hiyo kungekuwa pia maonyesho.

Hiyo haimaanishi unyamaze. Mwombe mkutane, nyinyi wawili, si kwenye grupu. Usimwambie yeye ni mtu wa namna gani. Mwambie unataka nini, mambo matatu tu. Picha iondolewe kama mwenyewe ametaka, na ikiwezekana kikundi kiseme hadharani kwamba hakitaweka tena uso wa mwathiriwa bila idhini yake. Michango yote iliyoingia kwa jina la jirani yako iorodheshwe, kiasi gani kiliingia, kiasi gani alipewa, na kilichobaki akabidhiwe. Na kila siku ya kesi wapatikane watu wawili wa kwenda.

La pili ndilo zito kuliko yote, nawe unalijua kwa sababu unashughulika na hesabu kila siku. Watu walituma pesa kwa M-Pesa wakiamini zinamfikia mwanamke mwenye plasta. Kama hazikumfikia, hapo tumeshatoka kwenye mambo ya moyo safi na moyo usio safi. Akikataa kuonyesha hesabu, una haki ya kuandika kwa viongozi wengine wa kikundi, na kwa mfadhili, barua yenye tarehe, isiyo na matusi. Jirani yako naye anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data kuhusu picha. Hizo ni njia zenye meno, wala hazihitaji wafuasi.

Tena usiache. Umesema utarudi kwenye hesabu zako, kana kwamba hesabu ziko mbali na haki. Mimi nimesoma barua yako nikaona kikundi chenye wapiga picha, wenye sauti nzuri na wachora mabango, lakini kisicho na mtu wa kushika daftari. Shika daftari. Upande mmoja andika tarehe za kesi za wanawake mnaowajua, nani anakwenda siku gani, nani anabaki na watoto. Upande wa pili nauli, ukianza na chochote mnachoweza kuchanga wachache wenu. Usiwalazimishe walioweka mioyo na ngumi kwenye grupu. Watafute wawili au watatu, hata nje ya kikundi, hata mama mmoja wa msikitini au kanisani ambaye hajawahi kuvaa fulana yenu. Wakifika mahakamani hawahitaji kusema lolote wala kuvaa rangi yoyote. Wakae pale anapoweza kuwaona, wazime simu, na kesi ikiahirishwa wachukue tarehe mpya kabla hawajatoka mlangoni.

Kuhusu mamake sahibu yako, aliyekulea. Najua utashawishika kumkimbilia, na pengine ndiye pekee ambaye bintiye humsikiliza. Mpe kwanza sahibu yako nafasi ya kukujibu faraghani, na hata akikukasirikia mara ya kwanza, rudi tena baada ya siku chache. Akikataa katakata kuitoa picha na kuonyesha hesabu, basi nenda kwa mama, kwa adabu, umweleze kuhusu jirani yako na mchango wake. Habari ya tuzo usiiguse.